Shemizi ya mwanamke: anza na mabega, kifua kitaongezwa

Muuzaji wa soko la Kadutu akikuambia "mama, chukua numero ya juu" kwa sababu kifungo cha kifuani kimegoma, ujue anakutoa kwenye shida moja akuingize kwenye tatu. Kifua kitaingia, ndiyo. Lakini mshono wa bega utashuka hadi kwenye msuli wa mkono, kola itazungukazunguka shingoni, na mikono itafunika vidole. Ukirudi kwenye numero ya kwanza, mabega yanakaa vizuri na vifungo vinaacha madirisha. Wengi hapa Bukavu wanaishia kuvaa shemizi wazi juu ya singileti, au kuibana kwa pini ndani, wakidhani mwili wao ndio wenye kasoro.

Kasoro iko kwenye namna numero zinavyotengenezwa. Kiwanda kinachora patroni (ramani ya karatasi ya kukatia nguo) moja ya kati, kisha kinaipanua kwa hesabu. Kila numero, kifua kinaongezwa karibu sentimita 4, na papo hapo shingo, mabega na upana wa mkono vinaongezwa kidogo kidogo. Mwanamke aliyejaa kifua kwa kunyonyesha hakuota mifupa mipya mabegani. Tena ile patroni ya kati kwa kawaida huchorwa kwa mwanamke ambaye kifua chake cha juu (mita inapita makwapani, juu ya matiti) na kifua kamili (pale panapojaa zaidi) vinatofautiana kwa sentimita 5 hivi. Ukiwa na tofauti ya 8, 10 au 13, hakuna numero dukani iliyokufikiria, iwe ndogo iwe kubwa.

Numero zenyewe zilianza vibaya. Marekani, mwaka 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo iliwapima wanawake wapatao 15,000 ili kupata vipimo vya kawaida vya nguo, na waliotiwa kwenye hesabu walikuwa weupe tu. Vipimo hivyo vikazaa kiwango rasmi mwaka 1958, na kiwango hicho kikafutwa 1983. Siku hizi kila kampuni inaandika namba inayoipenda, na nyingine zinaishusha makusudi ili mteja ajione mwembamba. Ulaya nako kila nchi ina hesabu yake: 40 ya Ufaransa ni karibu sawa na 38 ya Ujerumani, 44 ya Italia na 12 ya Uingereza. Zote nne zinaweza kutoka ndani ya balo moja la chaguwa (mitumba) asubuhi moja.

Kitambulisho (lebo ya ndani ya nguo) kimoja tu ndicho kinachostahili kusomwa, nacho ni kile cha China, kwa kuwa kinataja mwili. Utaona kitu kama 160/84A. Namba ya kwanza ni urefu wa mtu kwa sentimita, ya pili ni mzunguko wa kifua cha mtu (si cha nguo), na herufi inaeleza kifua kinazidi kiuno kwa kiasi gani: Y ni sentimita 19 hadi 24, A ni 14 hadi 18, B ni 9 hadi 13, C ni 4 hadi 8. Herufi A ndiyo inayojaa madukani. Mwenye kiuno kilichojaa akikuta B au C asiiache, hata kama rangi haimfurahishi sana.

Vipimo vya kubeba sokoni

Sokoni hakuna chumba cha kujaribia, na kuvaa shemizi juu ya libaya (blauzi ya kitenge) hakukuambii kitu. Kinachosaidia ni vipimo vilivyoandikwa ndani ya simu na mita ya fundi ndani ya mkoba. Jipime ukiwa na sutie (sidiria) utakayoivalia shemizi, maana sutie iliyochoka inashusha kifua na kubadilisha kila kitu. Unahitaji kifua cha juu, kifua kamili, kiuno, nyonga, unene wa mkono wa juu, na upana wa mgongo toka ncha ya bega hadi ncha ya bega. Ncha hiyo ni ule mfupa unaousikia ukipapasa mahali mkono unapoanzia.

Sasa funga vifungo vya shemizi, itandaze juu ya meza ya muuzaji bila kuivuta, pima toka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Kama kitambaa hakivutiki, namba hiyo izidi kifua chako kamili kwa sentimita 8 hadi 10. Ikizidi kwa 4 tu, utapumua ukiwa umesimama, lakini ukikaa au ukinyoosha mkono vifungo vitalalamika. Kitambaa chenye elastani (uzi unaovutika) ya asilimia 2 au 3 kinasamehe, hapo 4 au 5 zinatosha. Kwenye nyonga izidi kwa 6 hadi 8, kwenye mkono wa juu kwa 5. Bega ndilo lisilo na msamaha: mshono ukae juu ya ncha ya mfupa, au upite kwa sentimita 1 hivi. Kama bega limezidi kwa 3, rudisha, hata kama bei ni ya bure.

Wanawake wengi wanakimbilia shemizi za wanaume kwa ajili ya upana. Utazitambua kwa vifungo: za wanaume viko upande wa kuume wa mvaaji, za wanawake upande wa kushoto. Namba ya kola, 39 au 40, ni mzunguko wa shingo kwa sentimita na haina habari na kifua. Kwa kawaida kitambaa chake ni kizuri na mishono yake ina nguvu kuliko ya shemizi za wanawake za bei ileile, hilo nalikubali. Lakini imekatwa kwa mtu asiye na matiti wala nyonga: inaning'inia mbele, inabana chini, na kifungo cha mwisho lazima kiachwe wazi. Ukiipenda, mpe fundi apasue mishono ya ubavuni sentimita 12 toka chini, atie kipande cha pembe tatu chenye upana wa sentimita 6 chini na sifuri juu. Kitambaa cha pembe hizo atakipata kwa kubandua mfuko wa kifuani. Nyonga inaongezeka 12 na hakuna atakayeuliza.

Mikunjo inasema nini

Shemizi isiyokaa inajieleza yenyewe. Simama mbele ya kioo mikono ikiwa chini, angalia mikunjo inaelekea wapi, kwa sababu mkunjo unaonyesha kidole mahali kitambaa kinapokosekana.

Mikunjo ya kulala kati ya vifungo, kifua hakina nafasi. Mikunjo inayotoka kwenye ncha ya titi ikipanda kwapani, shida ni hiyohiyo, ila imefichwa na kitambaa laini. Kitambaa kikilundikana mgongoni juu kidogo ya makalio, kwanza chunguza nyonga: shemizi imebanwa chini ikashindwa kushuka, ikajikunja juu. Fundi asiyejua atakutilia pinsi mgongoni (pinsi ni ule mkunjo wa kushonwa wenye umbo la pembe tatu) na kuibana zaidi. Kola ikirudi nyuma kila dakika na wewe unaivuta mbele, kipande cha mbele ni kifupi, kifua kimekula urefu wake. Hilo la mwisho watu hulisahau: titi linahitaji upana na linahitaji urefu pia, kwa sababu kitambaa kinapanda mlima na kushuka.

Kuongeza kifua kwenye patroni

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na Bukavu tuna bahati kwamba mafundi wako kila mtaa, toka Bagira hadi Ibanda. Tatizo ni kwamba wengi wanapima kifua mara moja tu, wanakata kwa upana huo mbele na nyuma sawasawa, kisha wanashangaa mgongo unapwaya na mbele panabana.

Njia iliyo sahihi ni hii. Tuseme kifua cha juu ni 90 na kifua kamili ni 100. Tofauti ni 10. Patroni ya kawaida inashughulikia 5, kwa hiyo zimekosekana 5. Chagua patroni ya kifua cha 95 (90 jumlisha 5): hiyo italeta mabega, shingo na mgongo vya mtu huyu. Zile 5 zilizokosekana zitaongezwa mbele peke yake, na kwa kuwa mbele kuna vipande viwili, kila kimoja kinapata 2.5.

Chukua patroni ya karatasi ya kipande cha mbele, weka alama kwenye ncha ya titi. Usikisie. Pima kwenye mwili toka bega, pale linapokutana na shingo, hadi kwenye ncha, kisha toka ncha moja hadi nyingine na ugawanye kwa mbili. Mwanamke aliyenyonyesha watoto wanne hana ncha mahali alipo nayo msichana wa miaka 18, na pinsi inayoelekea mahali pasipo na titi ni mbaya kuliko kutokuwa na pinsi kabisa.

Chora mistari mitatu. Wa kwanza toka kwenye ncha ushuke wima hadi pindo, ukienda sambamba na mstari wa katikati ya mbele. Wa pili toka kwenye ncha upande hadi kwenye duara la kwapa, uligonge kwenye theluthi yake ya chini. Wa tatu toka kwenye mshono wa ubavuni, sentimita 6 hivi chini ya kwapa, uende hadi kwenye ncha. Kata mstari wa kwanza toka pindo hadi ncha, uendelee moja kwa moja na wa pili, lakini usimame milimita 2 kabla ya mstari wa kushona wa kwapa, ili karatasi ibaki imeshikamana kama bawaba. Kata wa tatu toka ubavuni, nao uusimamishe milimita 2 kabla ya ncha.

Sasa vuta upande wa ubavuni kwenda nje hadi mwanya wa wima ufikie 2.5 kwenye ncha, kingo zake zikiwa sambamba hadi chini. Utaona mstari wa tatu umejifungua wenyewe kuwa pembe tatu: hiyo ndiyo pinsi, huna haja ya kuibuni. Utaona pia upande wa ubavuni umeshuka kuliko upande wa vifungo. Kata upande wa vifungo kwa mlalo popote chini ya ncha, ushushe kile kipande cha chini hadi pindo liwe sawa, bandika karatasi chini ya mianya yote. Ule urefu ulioongezeka ndio uliokuwa unaivuta kola nyuma.

Pinsi isishonwe hadi kwenye ncha yenyewe. Iishie sentimita 2.5 au 3 kabla, la sivyo inafanya mdomo uliochongoka unaoonekana hata chini ya koti. Mishono 3 ya mwisho ipite ukingoni kabisa mwa mkunjo, kisha funga uzi kwa fundo la mkono. Kurudi nyuma na mashini pale kunafanya kinundu. Piga pasi pinsi ikielekea chini.

Kama kiuno sasa kimepanuka kuliko unavyotaka, zile 2.5 zinaondolewa kwa pinsi ya wima chini ya titi, si kwa kukwangua ubavu. Na kama nyongeza inayohitajika inapita 4 kwa kila upande, pinsi moja inakuwa nene na mbaya. Afadhali ile mishono mirefu miwili inayotoka begani au kwapani, inapita juu ya titi na kushuka kiunoni. Inakula uzi na muda, lakini mkono wa fundi mwangalifu unaifanya ikae kama ngozi.

Kwa shemizi iliyokwisha kushonwa hakuna njia ya kuongeza mbele peke yake. Kinachowezekana ni kupasua ubavu wote na chini ya mkono, na kuingiza ukanda mmoja mrefu toka pindo hadi kwapani, uendelee chini ya mkono. Ukanda wa sentimita 6 ukishonwa unabaki 4, mara mbili ni 8. Nafasi inapatikana, na mkono mnene nao unapumua. Ukanda wa rangi tofauti uliokusudiwa unapendeza kuliko ule unaojaribu kufanana na shemizi ukakosea kidogo.

Vifungo

Kiwanda kinagawanya vifungo kwa umbali sawa toka kola hadi chini, na kifua kinaangukia popote. Fundi wako afanye kinyume: kifungo cha kwanza kupangwa kiwe sawa kabisa na ncha za matiti, hata kidogo juu yake ukipenda, kisha vingine vihesabiwe toka hapo kwenda juu na kwenda chini. Kwa kifua kikubwa umbali uwe 7 au 7.5, si 9 wala 10. Ndiyo, vifungo vinaongezeka viwili; bei yake si kitu.

Ukanda wa vifungo uwe na upana wa sentimita 3, katikati yake ikiwa ndiyo katikati ya mwili. Kifungo cha milimita 11 kinataka tundu la 13. Matundu ya wima yanapendeza, lakini kitambaa kikivutwa kwa upande tundu hupanuka na kifungo huchomoka, na ndiyo sababu nafasi ya kifua itangulie kupatikana. Shemizi uliyo nayo tayari na inafunguka kidogo tu, shona kifungo cha kubofya kidogo kati ya kifungo cha tatu na cha nne, upande wa ndani, uzi ushike tabaka la chini tu usionekane nje.

Ukanda na kola vinahitaji kitambaa cha kubandika kwa pasi. Umeme ukikatika, fundi anatumia pasi ya makaa, nayo inafanya kazi vizuri ikiwekwa juu ya kitambaa chenye unyevu, ikandamizwe sekunde 10 hadi 15 kila mahali bila kuburuzwa. Ikiburuzwa, gundi inatembea na kola inatoka na mapovu baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Majivu nayo, Mungu wangu: pasi ipulizwe nje, mbali na shemizi nyeupe.

Kwapa na mgongo

Watu wanadhani shemizi inayobana mkononi inataka duara la kwapa lichimbwe chini. Fundi anachukua mkasi, anashusha sentimita 3, na sasa ukinyanyua mkono shemizi yote inapanda nawe hadi kitovu. Duara lililo juu, karibu sentimita 2 chini ya kwapa, ndilo linaloachia mkono utembee peke yake huku mwili wa shemizi ukibaki chini. Mkono wa shemizi ukibana, panua mkono huo wenyewe. Na kosa la kuchimba halina dawa, kwa sababu kitambaa kimekwenda.

Kwa anayepanda moto (pikipiki) na kushika nyuma, anayeandika ubaoni, au mwenye mtoto mgongoni, dai mkunjo mgongoni chini ya kipande cha mabegani: sentimita 4 za kitambaa katikati, au 2 na 2 pembeni. Pima mgongo mikono ikiwa chini, pima tena ukijikumbatia. Ile tofauti ndiyo unayoinunua.

Kitambaa

Shemizi ya mikono mifupi kwa kifua cha 100 inatoka kwenye kikwembe (kitenge) kimoja cha yadi 2 (mita 1.83) chenye upana wa sentimita 115 hivi. Mikono mirefu na kola yenye kisimamio vinataka mita 2.3 hadi 2.5, na pinsi kubwa au maua ya kulinganisha yanaongeza. Kikwembe kipya kina wanga wa kiwandani: kiloweke usiku kucha, kianikwe, kipigwe pasi, ndipo kikatwe. Pamba inaweza kupungua asilimia 3 hadi 5, na kwenye shemizi yenye kifua cha 108 hiyo ni kati ya 3.2 na 5.4, yaani nusu hivi ya nafasi yote uliyoipigania. Mafundi wenye haraka wanaruka hatua hii. Kiloweke mwenyewe nyumbani kabla ya kukipeleka. Na kabla mkasi haujapita, kitandaze kifuani mbele ya kioo uone ua kubwa linaangukia wapi. Mengine si ya kueleza.

Pamba iliyochanganywa na poliesta haipungui sana wala haihitaji pasi nyingi. Bukavu iko kama mita 1,500 juu ya bahari, hatuchomeki kama Uvira, lakini mpando wa Kadutu saa saba mchana utakuambia poliesta ni nini. Kwa anayetembea kwa miguu, pamba iwe nyingi kuliko poliesta.

Ukimpelekea fundi kazi, mwambie aache akiba ya sentimita 2.5 kwenye mishono ya ubavuni. Wengi wanaacha 1, na baada ya kingo kupigwa uzi hakuna cha kufungua mwili ukibadilika. Mwambie pia afanye esayaji (kukujaribisha nguo) kabla ya kutia mikono na vifungo, ubavu ukiwa umeshikwa kwa uzi wa muda tu. Kwenye esayaji usisimame kama unapigwa picha. Kaa, inama, nyanyua mikono, jikumbatie. Fundi akikasirika, bei ya kazi ilikuwa bado haijalipwa yote.

Wasichana wa shule nao wasisahauliwe. Ile nyeupe ya juu ya sketi ya bluu hushonwa kwa mkato wa mvulana, na msichana akifika miaka 13 anaanza kutembea amekumbatia madaftari kifuani. Mnunulie au mshonee yenye bega lake la sasa, kitambaa kizito kidogo kisichoonyesha sutie, pinsi ndogo za ubavuni, mkunjo mgongoni, akiba ya 3 ubavuni na pindo la 5 la kushushwa mwaka unaofuata. Na kifungo kimoja sawa na kifua, hata kama vya wenzake viko mahali pengine.